Daiodi za mashine yako ya kuchomelea

Gerezani, Dar es Salaam

Rafiki yangu mpendwa,

Nakusalimu sana wewe, shemeji na watoto. Nimeisoma barua yako kwa makini, na sioni sababu ya kuiuza transfoma yako ya kuchomelea eti kwa kuwa inatoa AC, yaani umeme unaogeuza mwelekeo. Ukiifungia daiodi nne imara, yaani vifaa vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, pamoja na koili ya kutuliza mkondo, utapata DC, umeme wa mwelekeo mmoja, ya kuchomea hata vijiti vya E6010, ambavyo huhitaji DC.

Daiodi hizo usizitoe kwenye altaneta za magari, ingawa zimejaa kila gereji. Nyingi za siku hizi zimeundwa ziruhusu umeme kupita kinyume volti zinapofika kati ya 20 na 30 hivi, ili kulinda vifaa vya gari, ilhali mashine kama yako, kabla kijiti hakijagusa chuma, huweza kutoa volti 70, ambazo kilele chake kinakaribia 100.

Zinazokufaa ni daiodi za kufunga kwa nati, zenye mkia wa waya mnene, zinazotolewa kwenye mashine kuukuu za kuchomelea zilizouzwa kama vyuma chakavu. Soma maandishi ubavuni: 70HF120 ni ya ampea 70 na volti 1200, na kitako chake ni kathodi, upande umeme unakotokea; ikiandikwa 70HFR, kitako ni anodi, upande umeme unakoingilia. Nakusihi utafute mbili za kila aina, kwa maana za kathodi utazifunga kwenye bati moja nene la alumini, litakalokuwa chanya, na za anodi kwenye bati la pili, litakalokuwa hasi, nawe hutahitaji maika, kile kipande cha kuzuia umeme usipite, chini ya daiodi yoyote.

Kila daiodi hubeba nusu tu ya mkondo kwa wastani, hivyo hizo nne zinatosha kazi ya ampea 100, mradi zipozwe. Feni usiionee uchungu: daiodi mbili hupitisha kwa pamoja, kila moja ikipoteza takriban volti 1.2, na kwa ampea 100 hizo ni wati 240 za joto tupu.

Briji za KBPC5010, zenye daiodi nne ndani ya kifurushi kimoja, ni rahisi, na kwa chaja ya betri nazipenda, lakini kuzipanga sambamba kwa ajili ya kuchomelea sikushauri, kwani daiodi iliyopata joto hupitisha umeme kwa wepesi zaidi, ikabeba na mzigo wa wenzake hadi ikaungua.

Dukani nenda na betri ya volti 12 na balbu ya taa ya mbele ya gari. Daiodi nzima huiwasha balbu upande mmoja tu. Iliyokufa mara nyingi huiwasha pande zote mbili. Kagua pia kauri iliyo shingoni mwa mkia, na ukiona ufa, iache hata ikiwa imefaulu jaribio.

Niandikie volti na ampea zilizo kwenye kibati cha transfoma yako, nami nitakutafutia huku na kukutumia kwa basi.

Ni mimi rafiki yako wa siku zote.