Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Moshi

Ndugu wanachama, wazazi wenzangu na walezi wa watoto wenye kifafa,

Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi niseme tu kwamba ada zinachelewa, na wanaochelewesha wanajijua.

Jambo lililotawala vikao vyetu mwaka huu, Pasua hadi Kibosho, ni watoto wetu kusahau. Mama mmoja alisimama akasema mwanawe anakariri tebo ya saba jioni bila kukosea, wiki ikipita hana kitu, na shuleni anachapwa kwa uvivu. Ukumbi mzima uliguna.

Daktari tuliyemwalika alitufafanulia. Kuna kifafa kinachoanzia upande wa ubongo ulio usawa wa sikio, na humo ndani mna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi, inayosaidia mambo mapya yahifadhike. Kifafa kikipanda hapo mara kwa mara, kazi hiyo huvurugika. Ndiyo maana mtoto huweza kujibu vizuri baada ya nusu saa, kisha siku chache baadaye yote yamemtoka. Kifafa cha usiku nacho hukatiza usingizi, wakati ambao ubongo huimarisha yale yaliyosomwa mchana. Halafu kuna kile cha kuduwaa: mtoto hukodoa macho sekunde chache, haanguki, mwalimu akadhani hasikilizi. Huyo tusimwite msahaulifu. Somo lenyewe halikumfikia.

Kuhusu dawa, fenobabitoni, ambayo wengi tunaimudu kwa bei yake, inaweza kumpa mtoto usingizi na kumpunguzia umakini. Lakini jamani, asiachishwe vidonge nyumbani! Kukatisha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokoma, na hicho huua. Malalamiko yapelekwe kliniki, dozi au dawa ibadilishwe huko. Na mwende na daftari lenye tarehe, saa na muda wa kila tukio; mwenye simu ya kurekodi amrekodi mtoto, kwani daktari ni nadra kulishuhudia tukio lenyewe.

Kamati inapendekeza tuwaandikie walimu wakuu. Tunaomba maagizo mafupi, moja baada ya jingine, na yaandikwe. Somo lirudiwe baada ya siku kadhaa, si siku hiyohiyo tu. Mtihani uongezwe muda. Na fimbo iwekwe kando. Hili la fimbo wajumbe wawili waliona lipunguzwe makali. Mimi sikukubali.

Rasimu ya barua iko kwa katibu. Tafadhali isomeni wakati wa chai, kura itapigwa kabla ya uchaguzi wa kamati.