Hamza, usiwajibu watu wa kamari

Jinja, Jumapili usiku

Mwanangu Hamza,

Assalamu alaikum. Raketi zako ziko mlangoni tayari, mama yako amekwisha kukufungia karanga. Mimi nimesoma habari ya kijana mwingine wa tenisi aliyefungiwa kucheza maisha kwa kuuza mechi, na usingizi umenikataa. Ndiyo maana naandika.

Kushindwa hakunitishi. Huko Monastir, Tunisia, unakokwenda kuna mashindano ya M15, ngazi ya chini kabisa ya tenisi ya kulipwa, karibu kila wiki, na anayeanzia mchujo atapigwa sana kabla ya kupata pointi. Lakini hesabu yake unaijua: zawadi yote ni dola 15,000, bingwa anachukua 2,160, na anayetolewa raundi ya kwanza ya droo kuu, ile inayofuata mchujo, anapewa dola 156 bila pointi. Hoteli na chakula ni juu yako. Wiki ya tatu ikiisha hivyo, mfukoni imebaki nauli tu, hapo ndipo ujumbe wa mtu wa kamari utaingia. Wala hatakuja na sura ya mwizi. Atakusifia bekihendi, halafu atasema: "Mechi shinda wewe, mimi nipotezee seti ya pili tu." Au atataka upoteze gemu moja unayoanzisha wewe. Pesa atakayotaja itapita ile ya bingwa.

Usimjibu, hata kwa kumtukana. Piga picha ya skrini, usifute chochote, na upeleke taarifa ITIA, wale wanaochunguza uuzaji wa mechi za tenisi, siku hiyohiyo. Kunyamaza nako ni kosa, hata kama hukula shilingi moja, na wachunguzi wana haki ya kuidai simu yako. Funga pia ujumbe kutoka kwa watu usiowajua. Ukipoteza mechi, waliokuwekea dau watakuandikia matusi, mengine ya kumtaja mama yako. Usiyasome usiku.

Halafu habari za mwili wako. Kifundo cha mkono kikiuma, mwambie kocha na daktari, basi. Habari kama hiyo kwa mtu wa kamari ni mali. Yule jirani mwenye duka la kamari aliponiuliza kabla ya mechi zako za Nairobi, nilimwambia mkono unakusumbua. Kumbe sheria za tenisi kuhusu kamari zinamgusa hata jamaa wa mchezaji. Hataniuliza tena akajibiwa.

Nyuzi za raketi: hapa Jinja tuko juu, zaidi ya mita 1,100, mpira unapaa, ndiyo maana unazikaza. Monastir ni pwani, hewa ni nzito, mpira utakufia katikati ya uwanja. Legeza mkazo wa nyuzi kama kilo moja, ujaribu mazoezini kabla ya kulegeza tena. Ile roli ya mita 200 ibebe nzima, raketi moja inakula mita 12 hivi, kwa hiyo itatosha kufunga raketi mara 16 na utalipia kazi ya fundi tu. Uzi mmoja ukikatika, kata zote palepale kuanzia katikati. Ukiziacha, fremu inavutwa upande mmoja na kupinda. Ile ya bluu uliiharibu hivyohivyo, na nilikuambia.

Kujiandikisha kwa mashindano pia nilikuambia. Mwisho ni Alhamisi, siku 18 kabla ya Jumatatu ya mashindano, saa 11 jioni kwa saa za kwetu. Mwisho wa kujitoa ni Jumanne inayofuata, saa hiyohiyo. Umechelewa mara mbili, na zote mbili nilisikia kwamba intaneti ilikuwa mbaya. Fanya Jumatano.

Ukipita raundi ya kwanza ya droo kuu utapata pointi 1. Moja hiyo inatosha jina lako kuingia kwenye orodha ya ATP, ile ya ubora wa wachezaji wanaume duniani. Nimeshamwambia fundi wa fremu za picha, orodha hiyo tutaitundika ukutani, usimwambie mama yako.

Lakini pointi hiyo isije ikanunuliwa, Hamza. Ukikwama pesa, nipigie mimi kwanza, hata saa nane usiku. Najua mwaka jana ulipopiga nilikujibu kwa ukali kuhusu ada ya kocha. Sasa piga tu. Nimeweka akiba kidogo kwenye simu kwa ajili hiyo, na mahindi yakiuzwa nitaongeza.

Kadi ya njano ya chanjo iweke pamoja na pasipoti, si kwenye begi la raketi, maana Entebbe wataiomba. Mvua imeng'oa bati mbili juu ya chumba chako, godoro tumelihamishia kwa Shamim. Ada yake ya muhula imebaki nusu, hiyo isikuumize kichwa, ni kazi yangu. Ufunguo wa kabati mama yako hauoni. Kama uko kwenye begi lako, umwachie kabla hujapanda teksi, nguo za Idi za Shamim ziko humo.

Baba yako