Ubunge wa kabaila wa Uingereza haukuwa na mshahara

Mhariri,

Makala yenu kuhusu mabwanyenye wa Uingereza wa karne ya 18 imesema walikimbilia bungeni kufuata mishahara. Si kweli. Wabunge wale hawakulipwa na serikali hadi 1911.

Kilichohitajika ni ardhi. Sheria ya 1711 ilimtaka mbunge wa kaunti awe na pato la pauni 600 kwa mwaka kutokana na ardhi, na wa mji pauni 300. Wajanja waliandikishiwa mashamba ya rafiki kwa siku chache, wakishaapa kuwa wana ardhi wanarudisha hati.

Mpiga kura wa kaunti alipaswa kuwa na ardhi yake yenye thamani ya shilingi 40 za Uingereza (pauni 2) kwa mwaka. Hakukuwa na kura ya siri: alitaja jina la mgombea kwa sauti, karani akaandika. Kama aliikodi ardhi nyingine kwa bwana, basi bwana alijua alimchagua nani. Kura ya siri ilikuja 1872. Manchester, mji mkubwa wa viwanda, haikuwa na mbunge wake hadi 1832, ilhali Old Sarum, kilima kitupu, kilikuwa na wawili!

Wapo waliojali shamba kweli. Thomas William Coke wa Norfolk, mbunge tangu 1776, alihimiza mzunguko wa mazao wa miaka minne: ngano, tanipu (mboga ya mizizi), shayiri, klova (majani ya malisho). Tanipu zililisha mifugo wakati wa baridi, klova ikarudishia udongo naitrojeni, kirutubisho cha mimea. Mkulima wa tumbaku wa Urambo hahitaji kuelezwa zaidi faida ya kubadilisha mazao.

Walimu wa historia,
Tabora