Miastenia haipimwi kwa kuhesabu seli

Mhariri,

Tuzo ya Nobeli ya Tiba ya 2025 waliyopewa Brunkow, Ramsdell na Sakaguchi imezipa sifa seli T dhibiti, zile chembe nyeupe zinazowazuia askari wengine wa damu wasiushambulie mwili wenyewe. Mwenye miastenia gravisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hudhoofisha misuli, anaweza kudhani kuzihesabu kutamwonyesha kama dawa imemkubali. Bado hatujafika huko. Katika ugonjwa huu mara nyingi idadi yake si haba; zipo lindoni, ila zimesinzia. Kingamwili hupata upenyo, huharibu vipokezi vya asetilikolini, kemikali inayopeleka ujumbe wa neva, kwenye msuli, kope zikashuka na kutafuna kukawa kazi, hasa jioni.

Nafuu hupimwa kwa saa. Mgonjwa atazame juu: kope zikihimili sekunde 60, vizuri. Avute pumzi moja, ahesabu kwa sauti. Asipofika 20, hospitali siku hiyohiyo. Aliyeko Ukerewe asingoje kivuko cha kesho. Apime saa ileile kila wiki na kuandika kwenye daftari, maana pairidostigmini, dawa ya kuupa msuli nguvu kwa muda, ya miligramu 60 humwinua kwa saa tatu au nne kisha humwacha, na ukipima ovyo utajidanganya.

Dawa hiyo haitulizi kinga hata kidogo. Inayotuliza ni prednisoloni, kwa wiki kadhaa, na azathioprini, ambayo huweza kuchukua mwaka. Prednisoloni ikianzwa kwa dozi kubwa huweza kuzidisha udhaifu wiki mbili za kwanza. Mgonjwa hudhani kapewa sumu, akaiacha ghafla, na hilo ni hatari nyingine. Ndiyo maana daktari huanza kidogo, akapandisha taratibu. Tena kabla ya kuianza, minyoo ya strongiloidi itafutwe au itibiwe kwa ivermektini. Kinga ikishushwa, minyoo hiyo huzaliana humohumo mwilini hadi kuua.

Kinachotutia hofu zaidi ni duka la dawa. Gentamisini, siprofloksasini, azithromaisini na kwinini zote hudhoofisha mawasiliano ya neva na msuli, na kwetu hizi hutolewa kwa homa yoyote. Majina hayo manne yaandikwe kwenye karatasi, ikae pamoja na kadi ya bima, muuzaji aionyeshwe kabla hajafungua kabati. Maambukizi makali yakilazimu mojawapo, itolewe wodini penye mashine ya kupumulia.

Wasomaji wenu,
Mwanza