Barua kwa Baraka: ramu, kasi na ile sendofu ya Rehema

Kisasa, Dodoma
Jumapili jioni

Baraka mwanangu,

Mbukwa! Najua huko Iringa mna nafuu ya kaubaridi. Huku Novemba inatuchemsha, mawingu yanakusanyika kila jioni halafu yanakwenda kunyesha kwa wenzetu. Tuko wazima. Mama wa Ipagala anakusalimu na anasema sinia lake hajalisahau.

Ujumbe wako niliusoma siku ileile ulipotuma. Wiki tatu za kimya si kwamba nina shughuli, ni aibu tu, na aibu yenyewe nakuja kuisema, usinisukume.

Umetaka nikufundishe kuovakloki, yaani kuikimbiza kompyuta kupita kasi iliyopangiwa kiwandani, eti Hamisi kakwambia kompyuta yangu inakimbia kama SGR. Hamisi huyuhuyu aliyetuuzia redio isiyo na spika! Haya, kweli niliiongeza kasi. Na kwa kuiongeza nimeharibu video ya sendofu ya Rehema.

Si yote. Ni kama dakika 11, kuanzia pale mama yake Rehema anaposimama na kitenge mkononi. Anakinyanyua, anafungua mdomo kuongea, na hapohapo uso wake unageuka viboksi vya kijani, sauti inakwaruza kama bati linaloburutwa. Kila nikiifungua natumaini safari hii itapita. Haipiti. Nilihamisha klipu kutoka kwenye kadi, nikaangalia mwanzo mwanzo zinacheza, nikafuta kadi nikaenda nayo Kongwa kwenye harusi nyingine. Ujinga wa namna hiyo hauhitaji kompyuta ya kasi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa, maana ukianza na wewe utapita njia hiihii.

Kasi ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ni hesabu ya kuzidisha tu. Kuna mapigo ya msingi, megahezi 100, na kuna kizidisho. Yangu ni Ryzen 5 2600, kizidisho 34, yaani gigahezi 3.4, na yenyewe hujipandisha hadi 3.9 ikiona kuna nafasi. Unawasha, unabonyeza Delete kabla Windows haijaja, unaingia bayosi, ile menyu ya mipangilio ya ndani ya kompyuta, unapandisha kizidisho namba moja moja. Kila ukipanda unaitesa kwa programu za kuipima kama Cinebench au Prime95 huku unatazama joto. Mimi 38 ilikubali, 39 ikakubali, 40 ikaganda. Nikaiongezea volteji, ikakubali. Na volteji ndiyo inayokula, Baraka. Joto haliendi sawa na volteji, linakwenda na mraba wake. Ukitoka 1.2 kwenda 1.4, hata kama kasi hujaigusa, umeme unaoliwa unapanda zaidi ya theluthi. Chini ya bati la chumba changu saa nane mchana, fanya hesabu mwenyewe.

Faida? Video ya harusi iliyokuwa inarenda, yaani kutolewa faili la mwisho, kwa dakika 50 ikawa 46. Dakika nne! Sikumaliza hata kikombe cha chai.

Kilichonisaidia zaidi ni blowa. Nilifungua ubavu nikakuta vumbi letu jekundu limejishona kwenye hitisinki, chuma cha kupozea prosesa, kama mkeka. Nikashika feni kwa kidole isizunguke hovyo, nikapuliza, nikafuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka nikaweka mpya kama punje ya dengu. Ikishughulika ilikuwa inagonga nyuzi 91, ikashuka 76, na kasi ikapanda bila mimi kugusa bayosi, maana ilikuwa inajipunguza yenyewe kwa joto. Mwaka mzima nalaumu prosesa kumbe ni vumbi la Kisasa.

Ningeishia hapo tusingekuwa na barua hii.

Ramu zangu, zile kumbukumbu za muda zinazoshika data kompyuta ikiwa kazini, zimeandikwa kasi ya 3200 kwenye stika. Nikachungulia, zinakwenda 2400. Nikadhani nimepigwa, nikataka kumrudia fundi wa Majengo na maneno makali. Akacheka. Akasema namba ya kwenye stika haiji yenyewe, lazima uingie bayosi uwashe XMP, mpangilio wa kasi uliohifadhiwa ndani ya ramu yenyewe, la sivyo zinatembea mwendo wa kawaida. (Mzee yule akianza haishi. Anasimulia prosesa ya Celeron 300A ya mwaka 1998, ya megahezi 300, watu wanapandisha mapigo kutoka 66 hadi 100 inakwenda 450 bila kunung'unika. Siku hizi kiwanda kinaikamua chenyewe kabla hujaifungua boksi.) Nikawasha XMP, ramu zikaenda 3200 kwa volti 1.35, na nakwambia ukweli, niliona tofauti. Hakuna kitu cha bure kitamu kama kile.

Tamaa ikaingia. Nikajaribu 3600, kioo cheusi. Ikajiwasha na kujizima mara tatu, kisha kimya. Nikachomoa waya wa umeme, nikatoa ile betri bapa kama sarafu kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, nikangoja, nikarudisha, ikaamka imesahau kila kitu. Nikashuka 3466. Ikawaka! Windows ikafunguka, muziki ukapiga, gemu likacheza. Nikampigia Hamisi kujisifu. Hapo ndipo alipopata hiyo habari ya SGR.

Prosesa iliyozidiwa mara nyingi hukwambia: inaganda, inaleta skrini ya bluu, inajizima. Ramu iliyozidiwa inaweza kukuchekea usoni wiki nzima huku inageuza tarakimu moja hapa, nyingine pale. Na kila unachohamisha kinapita kwenye ramu. Kadi ilisoma sawasawa, diski ikaandika ilicholetewa, na kilicholetewa kilikuwa kimeshachafuliwa njiani. Nilipokuja kuweka Memtest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi na kuiacha ifanye kazi, dakika kama 40 mistari myekundu ya makosa ikaanza kushuka. Nikarudi 3200, nikaiacha usiku kucha. Umeme ukakatika saa tisa, nikaanza upya kesho yake, safi. Mtihani huo nilipaswa kuufanya kabla ya Rehema, si baada.

Kuhusu mashine yako, samahani, nakukatisha tamaa. Ile prosesa yako ya i5-3470 ya Kariakoo haina herufi K mwishoni, maana yake kizidisho kimefungwa. Dada yake 3570K ndiyo imeachiwa. Na bayosi za kompyuta hizo za ofisini hazina hata ukurasa wa kuchezea mambo hayo. Mimi naona umepona. Una ramu moja ya GB 4, tafuta pacha wake uchomeke kwenye sloti nyingine, data ipite njia mbili badala ya moja. Na ukipata SSD, diski ya kasi isiyozunguka, hata ndogo, utasahau habari za kuovakloki. Pawa saplai yako pia siiamini, inanuka tangu tulipoiwasha kwa mjomba.

Lakini nirudi kwenye dakika zangu 11. Siku ile ukumbini ulichomeka hadi diski yako kwenye laptopu ya yule kijana wa kamera ya pili, nakumbuka ulilalamika haina nafasi, ukafuta muvi. Ulinakili zote au za jukwaani tu? Bado zipo? Usifungue kwa kuhariri, niandikie ukubwa wa mafaili tu. Kama hazipo, nani alikuwa upande wa mama na simu, si Mama Neema? Unaweza kumuuliza bila kusema kwa nini? Na Rehema ameshaanza kuulizia? Mume wake je? Nimwambie mwenyewe au nisubiri jibu lako? Mama mwenyewe anakumbuka alisema nini pale, au alilia tu?

Mpe shikamoo yangu, lakini ya video usimwambie bado.

Ukinijibu Jumatano nitakuwa na umeme, nimeazima yupiesi, betri ya akiba ya kompyuta, kwa jirani. Basi la asubuhi linaweza kuleta diski, nitakuja kuipokea mwenyewe stendi ya Nzuguni, nauli ya mzigo juu yangu.

Wako,
Elia