Barua kwa dada yangu kuhusu Peter na marafiki zake

Dada yangu mpendwa, shikamoo.

Nimeitazama tena Peter's Friends, ile filamu ya Kenneth Branagh ya mwaka 1992, na sasa naweza kukujibu juu ya kauli yako kwamba ni kichekesho kizuri kilichobandikwa msiba mwishoni. Kwa heshima zote, sikubaliani nawe.

Msiba umo tangu mwanzo. Mfikirie Mary, anayeigizwa na Imelda Staunton, ambaye kila mara anapiga simu nyumbani kumuulizia mtoto; tunamcheka kwa wasiwasi wake, kisha tunatambua kwamba yeye na mumewe Roger walikwisha kumzika pacha wa mtoto huyo, nacho kile kicheko kinatukaa kooni. Peter naye, ambaye ni Stephen Fry, amerithi jumba la marehemu baba yake na anawaalika wenzake wa chuoni waupokee mwaka mpya kabla hajaliuza. Ukiitazama huku ukijua kwamba ana virusi vya UKIMWI, ule ukarimu wake wote unakuwa kuaga, na hata pale anapomkataa Maggie, yaani Emma Thompson, kwa upole usiomdhalilisha, unamwona akiibeba peke yake sababu ambayo hajamwambia mtu.

Sisi tuliokua wakati ugonjwa huo ukitajwa kwa kunong'ona tunajua tangazo la Peter mwishoni, kwamba ana virusi hivyo, lilikuwa na uzito gani. Waliotengeneza filamu hawakujua kwamba mwaka 1996 tiba ya dawa mseto ingeanza kuwarudishia wagonjwa uhai, kwa hiyo safari hii nilijikuta nikimwombea Peter, mtu wa kubuniwa tu, aweze kuivuka miaka hiyo minne.

Mapenzi yaliyomo ndani ya filamu hii hayakuigizwa yote. Fry, Thompson, Hugh Laurie na Tony Slattery walichekesha pamoja katika kikundi cha Footlights cha Chuo Kikuu cha Cambridge, na Phyllida Law, anayeigiza mtunza nyumba Vera, ni mama mzazi wa Thompson. Slattery, aliyefariki Januari 2025, ndiye anayeigiza Brian, mgeni asiyefahamiana na wenyeji wake, ilhali kwa kweli alikuwa mwenzao wa miaka mingi. Mtazame hasa yeye utakapoirudia, kisha uniandikie.

Mdogo wako.