Fundi, kompyuta yangu haijafa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na mafundi wa kompyuta, na wenzangu wenye steshenari, na yeyote aliyeambiwa kwamba kompyuta yake imepitwa na wakati na dawa yake ni kununua nyingine.

Mimi ni mhazili mstaafu. Nilisoma Chuo cha Uhazili Tabora enzi za mashine za chapa zenye utepe, nikafanya mitihani ya hatimkato hadi vidole vikaota sugu, kisha nikachapa barua za wakubwa kwa zaidi ya miaka 30. Sasa nina steshenari Kihonda, hapa Morogoro. Natoa kopi, nachapa, naskani, natengeneza kadi za michango, na nawajazia vijana maombi ya mkopo na ya ajira. Kompyuta ninazo tatu, zote mtumba. Kubwa yao ni Dell OptiPlex 7010, mashine ya mwaka 2012 hivi, niliyoinunua Kariakoo ikiwa tayari imeshamtumikia mtu mwingine huko ilikotoka.

Mwishoni mwa mwaka jana nilimwita fundi kwa sababu ilikuwa nzito. Hata kuifungua hakuifungua. Alisoma kibandiko cha mbele, akasema, "Mama, hii imekufa. Windows 10 imekwisha na hii haiwezi kupokea 11. Tafuta milioni moja hivi nikuletee nyingine." Nikamuuliza, imekufaje wakati inawaka? Akacheka, kama wanavyocheka vijana wakiulizwa swali na mtu mwenye mvi.

Kwa haki yake, nusu ya maneno yake ni kweli. Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Kompyuta zenye Windows hiyo hazikuzimika siku hiyo, lakini tangu hapo tundu jipya la usalama likigunduliwa halizibwi kwa watumiaji wa kawaida, isipokuwa aliyejiandikisha kwa mwaka mmoja wa nyongeza unaokwisha Oktoba 2026. Windows 11 nayo inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM toleo la 2.0, na kama prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya Intel, basi kwa kawaida iwe ya kizazi cha nane kuendelea. Yangu ni ya kizazi cha tatu. Kwa hiyo mlango umefungwa kweli. Alichoninyima fundi ni habari kwamba nyumba ina mlango wa pili.

Huo wa pili nilionyeshwa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA). Alikuja kuchapa ripoti yake ya mafunzo kwa vitendo, kurasa 42, siku ya mwisho ya kuikabidhi. Akachomeka flashi kwenye mashine yangu, na sote wenye steshenari tunajua kilichofuata: folda zikageuka shotikati, ukibonyeza hakuna kitu. Kijana akatoka jasho. Mimi nikaanza kuomba radhi, maana mdudu yule, yaani kirusi, alikuwa wa kwangu na sikuwa na la kujitetea.

Akaniambia, "Shikamoo mama, sikukuamkia kwa haraka. Naomba ruhusa niizime na kuiwasha." Akachomeka flashi nyingine, akawa anabonyeza F12 mfululizo, akachagua kuwaka kutoka kwenye flashi badala ya diski. Baada ya dakika mbili tatu kikatokea kioo nisichokijua, chenye nembo ya kijani, lakini kitufe cha menyu kipo kulekule chini kushoto, na saa ipo chini kulia. Akafungua ile flashi iliyougua. Folda yake ipo! Yule mdudu alikuwa ameificha tu, na kificho chake ni cha Windows; mfumo huu haukijui wala haukitii. Shotikati zenyewe zilikuwapo pia, zimekaa kama vyeti vya bandia mbele ya mtu asiyejua kusoma. Akaihifadhi ripoti kama PDF, tukachapa, akanilipa, na akataka kuondoka.

Nikamzuia. Nikamwambia hatoki hapa mpaka aniambie hiyo ni nini.

Ni Linux, Mhariri, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows. Hasa hasa ni Linux Mint, mojawapo ya aina nyingi za Linux. Kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Helsinki, Finland, naye akakiweka wazi watu wakichukue, wakisome na wakirekebishe. Watu wengi wanadhani ni jambo la wataalamu wa mbali, kumbe simu ya Android iliyomo mfukoni mwa kila kondakta wa daladala imejengwa juu ya kiini hichohicho. Ndugu yake Mint, ambaye ndiye msingi wake, anaitwa Ubuntu. Alianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo halihitaji kamusi kwetu sisi: ni utu.

Nakiri jambo moja la aibu. Kwa miaka yote ya steshenari nimetumia Windows ya wizi. Nadhani wengi wetu tunafanya hivyo ila hatusemi. Fundi anakuja "kupiga Windows" kwa elfu ishirini, anazima kinga ya virusi ili kile kijiprogramu cha kuvunja kufuli kipite, anaondoka. Baada ya miezi maandishi ya kudai uwezeshe Windows yanarudi kwenye kona ya kioo, naye anarudi kwa elfu kumi nyingine. Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na programu za kompyuta zimo. Mimi niliyechapa nyaraka za serikali maisha yangu yote nilikuwa naijua. Nilijisamehe kwa kusema sina njia nyingine.

Linux Mint ni bure, na leseni yake inakuruhusu kumpa jirani. Yule kijana aliinakilia kwenye flashi yangu ya GB 8, faili la karibu GB 3, sikutumia hata bando. Tumezoea kugawiana programu kwa flashi. Tofauti ni kwamba hii mwenyewe ameridhia.

Nilikaa nayo wiki nzima nikiiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Hilo ndilo ningependa kila mtu alijue, maana ndilo linaloondoa woga. Unaiwasha, unaangalia kama intaneti inashika, kama sauti inatoka, kama printa inaonekana. Usipoipenda unazima, unachomoa, Windows yako iko palepale. Inakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kutoka kwenye flashi, usiihukumu kwa hilo.

Siku ya kuipiga moja kwa moja, yaani kuiweka kwenye diski ya kompyuta, nilifanya kosa, nalieleza ili wengine wasilirudie. Kuna mahali inauliza: ikae pamoja na Windows, au ifute diski yote? Nilikuwa na wateja kaunta, nikabonyeza ifute yote. Ikafuta yote, kama ilivyoagizwa. Hesabu za kikoba chetu za miaka miwili zilikuwa mle. Mwenyekiti alinyamaza kwa muda mrefu kwenye simu. Kilichotuokoa ni daftari la karatasi, ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nikisema tuliache. Kwa hiyo kabla ya yote, nakili kazi zako kwenye diski ya nje, kisha zifungue uone kama kweli zimo.

Baada ya hapo? Kazi nyingi za steshenari siku hizi ziko kwenye kivinjari. Maombi ya Bodi ya Mikopo, Ajira Portal, uhakiki wa vyeti RITA, yote nafungua kwa Firefox iliyokuja nayo. Skana ilitambuliwa bila mimi kuweka CD yoyote. Barua na majedwali naandika kwa LibreOffice, inayofungua mafaili ya Word na Excel. Nimeipa pia kamusi ya Kiswahili, kwa hiyo "shukurani" na "bahasha" hazipigiwi tena mstari mwekundu kama makosa. Miaka yote ya kompyuta nilichapa Kiswahili huku mashine ikinisahihisha kwa Kiingereza!

Hapo nina donge. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini ya bure yenye menyu za Kiswahili. Mwaka huo mimi nilikuwa kazini, nachapa Kiswahili kutwa nzima, na hakuna aliyetuletea wala kututajia. Nimekuja kuisikia nikiwa nimestaafu, kutoka kwa mtoto ambaye wakati huo labda hata kutembea alikuwa hajaanza.

Sasa yasiyokwenda, maana sikuja kuuza dawa ya magonjwa yote. Kadi za harusi nilizotengeneza kwa Publisher zinafunguka zikiwa zimepinda: maua huku, jina la bwana harusi kule. Photoshop na CorelDRAW hazipo; kuna GIMP na Inkscape, lakini kwa umri wangu kujifunza upya kukata picha za paspoti kulinichukua majuma matatu na machozi kidogo. Anayetunza hesabu kwa programu ya Windows, au ana mafaili ya Excel yenye makro nyingi (amri zinazojiendesha zenyewe), ajaribu kwanza kwa muda mrefu. Printa yangu moja ya zamani imekataa katakata, nimeiacha kwenye kompyuta ya tatu, ambayo bado ina Windows kwa ajili yake na kwa ajili ya maharusi.

Kuna pia mwalimu wa shule ya msingi aliyenijia juu kwa sababu mtihani wake ulitoka kurasa tano badala ya nne, na majibu ya (a) hadi (d) yameruka mstari. Tulitafuta mchawi kwa nusu saa. Kumbe ameandika kwa Comic Sans, na fonti hiyo ni ya Microsoft, haimo ndani ya Mint. Ikikosekana, mashine inaweka nyingine yenye herufi pana au nyembamba, na kila kitu kinasogea. Kipo kifurushi cha fonti za Microsoft, pamoja na Times New Roman na Arial, ambacho Mint inakuwezesha kukishusha bure. Nilikiweka, mtihani ukarudi kurasa nne. Mwalimu hakusema pole, ila amerudi na mitihani ya darasa la tano.

Kuhusu virusi, msiniwekee maneno mdomoni kwamba Linux haipati kabisa. Wadudu wengi wa flashi zetu wameandikwa kwa ajili ya Windows, kwa hiyo huku hawaamki. Lakini bado wamo kwenye flashi, na usipowafuta mteja anaondoka nao kwenda kwa mwingine. Binti anayenisaidia dukani amezoea: kila flashi ikiingia, shotikati zinafutwa kwanza, mwenye flashi anaonyeshwa folda zake, ndipo bei ya kuchapa inatajwa. Wanafunzi wameanza kutuletea flashi zilizougua kwa ajili ya hilo tu. Sijaweka bei yake bado.

Ile Dell "iliyokufa" niliibadilishia diski, nikaweka SSD, diski ya kisasa yenye kasi, ya GB 240, na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, nikaongeza kutoka GB 4 hadi 8. Vyote havikufika laki moja na nusu. Toleo la Mint lililomo limeahidiwa masahihisho ya usalama hadi mwaka 2029. Mimi nitakuwa nimezeeka zaidi kuliko yenyewe.

Nawaomba mafundi, mkimfikia mtu kama mimi, mtajieni njia zote mbili, kisha mwacheni achague. Hamtakosa riziki. Mimi ningemlipa yule fundi kwa furaha kubadilisha diski, kupiga Mint na kunifundisha siku mbili, na hela hiyo ingekuwa zaidi ya elfu ishirini za Windows ya wizi. Nawaomba na wakuu wa shule zenye vyumba vya kompyuta za msaada zilizofunikwa vitambaa kwa sababu "zimepitwa na wakati": kabla hamjazipeleka kwa wanunua vyuma chakavu, ziwasheni kwa flashi. Na wewe Mhariri, gazeti lako lina kurasa za mpira nane. Moja ya kompyuta kila wiki, kwa Kiswahili, sidhani kama Simba na Yanga watakasirika.

Flashi yangu ya Mint iko kwenye droo ya kaunta. Aliye Kihonda na anayetaka kuinakili aje na ya kwake, GB 8 au zaidi, iwe tupu. Wenye laptop waje zimejaa chaji. Luku nanunua mwenyewe.

Mhazili mstaafu,
Kihonda, Morogoro